Somo, ladu nitazipata wapi huku Ujerumani?

Assalaam alaykum Somo,

Najua wenzangu wanaokuandikia wana mambo mazito: waume waliohama nyumba, mawifi wasioambilika. Langu mimi ni ladu, zile tamutamu za Kihindi. Usicheke kwanza.

Nimezaliwa Mombasa, Makadara, na nimekulia hapo mpaka siku niliyoolewa. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kihindi, Mgujarati. Diwali ikifika, sinia yake ilikuja kwetu imefunikwa kitambaa cheupe: ladu za dengu, barfi iliyokatwa pembe nne, penda zenye kipande cha lozi juu, na jalebi ambazo mama alitukataza kuzigusa mpaka baba arudi. Tuliziiba hivyo hivyo. Mama naye hakurudisha sinia ile tupu hata mwaka mmoja. Idi ikifika alimpelekea kaimati na tende. Mkate wa kumimina hakupeleka, kwa sababu una yai na yule mama hali yai. Na Jumapili asubuhi baba alikwenda Mtaa wa Biashara akarudi na jalebi za moto na gathia, zimefungwa kwenye gazeti, mafuta yameshapenya mpaka habari za michezo hazisomeki.

Sasa ni mwaka wa kumi na moja niko Hildesheim, mji mdogo karibu na Hannover. Mume wangu ni mtu wa Nakuru, fundi wa mitambo, na tuna watoto wawili. Mtaani kwetu kuna duka la Waturuki, na baklava ipo kila siku. Baklava si mbaya, Somo. Lakini ni kama umemwita mwanao akaja wa jirani.

Nimejaribu kila njia. Nilinunua gulab jamun za kopo, nikahisi natafuna sponji iliyochovywa kwenye maji ya sukari. Mwezi wa Agosti nikaagiza kwenye mtandao boksi la mithai, yaani hizo tamutamu za Kihindi, mchanganyiko, kilo nzima. Pamoja na usafirishaji nililipa euro 46. Mzigo ulikaa njiani siku nne, na siku hizo zilikuwa za joto kali. Nilipofungua, barfi ilikuwa imeota ndevu, penda zimetoa harufu ya maziwa yaliyolala, jalebi zimelegea kama kamba iliyolowa. Ladu nne tu ndizo zilizopona, nikazila nimesimama jikoni kama mwizi. Nilipowaandikia wenye duka, wakanijibu kwamba vyakula vinavyoharibika haraka havirudishwi.

Mume wangu aliiona risiti. Akasema, "Sukari ni sukari. Kama ni utamu unataka, jamu si iko hapo?" Tulinuniana siku tatu. Tangu siku hiyo nikitaja mithai hata kwa bahati mbaya, ananiuliza kama nimeshaiweka kwenye bajeti ya gari.

Sasa mama yangu anakuja mwezi wa Aprili, na amesema ataleta kilo nne za barfi na penda kwenye begi. Mume wangu anasema forodha ya Frankfurt watazitupa na kututoza faini juu yake. Wifi yangu aliye Leicester, Uingereza, anasema niache ujinga, huko kwao ziko tele, atanitumia kwa posta. Jirani yetu wa chini, mama wa Kiafghani, ndiye mtu pekee hapa anayenielewa kwa mambo ya chakula, maana huniletea wali wake wa zabibu na karoti, na sahani yake moja iko kwangu mpaka leo. Lakini mazungumzo yetu ni ishara na Kijerumani cha kuungaunga.

Niambie: nizipate wapi? Mama alete au asilete? Na je, ni mimi niliyekosea kutumia euro 46 kwa kitu cha kutafuna?

Binti wa Makadara

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nimecheka, nisamehe, lakini nilicheka nilipofika kwenye bajeti ya gari, si kwenye ladu. Barua yako niliisoma mara mbili nikapata njaa. Mimi niliishi Maskati miaka sita, mtaa wa Ruwi, ambako mithai huitafuti, yenyewe ndiyo inayokutafuta: unatoka kununua sabuni unarudi na nusu kilo. Kwa hiyo najua upungufu wako ulivyo, ingawa mimi nimeujua nikiwa upande wa shibe.

Wapo watakaokwambia kwamba unachotamani si ladu, unatamani nyumbani, unatamani utoto, unatamani baba. Wasikusumbue. Baba unamkumbuka kivyake. Unachotamani ni unga wa dengu uliokaangwa kwa samli mpaka ukanukia, na hicho ni kitu kinachoweza kupatikana Hildesheim. Tuanze hapo.

Umesema boksi zima liliharibika isipokuwa ladu nne, kisha ukapita kama aliyesema mvua ilinyesha. Hukujiuliza kwa nini zilipona? Mithai si kitu kimoja, mwanangu. Kuna mithai ya maziwa, yaani barfi, penda na jamaa zake: maziwa yamechemshwa mpaka yakaganda, yakatiwa sukari. Hiyo nje ya friji ina siku tatu nne, na katika joto la Agosti ndani ya gari la posta haina hata hizo. Kuna mithai ya shira, na jalebi ndiyo malkia wao. Uhai wa jalebi ni wa saa chache tu. Ikipoa inanyonya unyevu, inalegea, na hakuna duka duniani linaloweza kukutumia jalebi iliyo hai. Kisha kuna mithai ya unga na samli, ndiyo ladu yako. Haina maji ndani. Ukiitia kwenye mkebe mkavu unaofunga vizuri, inakaa wiki mbili, hata tatu, bila friji, na siku ya tatu ni tamu kuliko siku ya kwanza. Huyo ndiye msafiri. Wenzake wawili ni watu wa nyumbani, hawatoki.

Basi kosa lako halikuwa kutumia euro 46. Kosa lilikuwa kuagiza boksi la mchanganyiko, mwezi wa Agosti. Siku nyingine ukiagiza, agiza ladu peke yake, na uagize kuanzia Oktoba. Na hao wenye duka wamekupiga chenga: ni kweli kwamba sheria ya huko haikupi haki ya kurudisha chakula kinachoharibika haraka kwa sababu tu umebadili mawazo. Lakini chakula kilichofika na ukungu ni kitu kibovu, na kitu kibovu kina madai yake. Piga picha siku ile ile, pamoja na lebo ya boksi, uwaandikie. Hilo la Agosti limeshapita, lisamehe.

Sasa wifi yako. Ana haki ya kujisifu, tena kuliko anavyojua. Ladu zile za Mtaa wa Biashara, kama bado ziko mahali nje ya Mombasa, basi ziko Leicester. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na watu karibu 28,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilifika kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huko, mji umejaa. Wakaenda. Walikuta jamaa zao kutoka Kenya wameshatangulia miaka minne mitano nyuma. Wakafungua maduka Belgrave Road, ya vito, ya sari, ya mithai, na leo taa za Diwali za barabara ile ndizo ambazo mji wenyewe unajitangazia. Ndiyo maana ladha ya huko inakwenda sawa na ulimi wako: mapishi ni ya Kigujarati, na yalipita Kampala, Kisumu na Mombasa kabla hayajafika kwenye baridi.

Nitakupa alama moja ya kutambua, nayo inafaa popote Uingereza. Ukiingia mkahawa wa Kihindi ukaona kwenye orodha ya vyakula neno "mogo", kaa chini, agiza. Mogo ni muhogo. Wahindi waliotoka kwetu walibeba muhogo na jina lake, wakalikatakata njiani. Mwenye mkahawa ule ama yeye ama babake amepata kununua nazi kwa Kiswahili, na ukimwamkia "habari za leo" usishangae akikuuliza wewe ni wa wapi, Mombasa au Tanga.

Lakini kwa posta, hapana. Tangu mwanzo wa 2021 Uingereza iko nje ya mpaka wa forodha wa Ulaya, na maziwa na vitu vya maziwa kutoka huko haviruhusiwi kuingia Ujerumani, si kwa begi wala kwa kifurushi. Mwezi ule ule wa kwanza, maofisa wa Uholanzi walionyeshwa kwenye televisheni wakiwanyang'anya madereva wa malori mikate yao yenye nyama waliyojipakia kwa chakula cha mchana. Wifi yako akikutumia penda, zitakutana na jamaa hao. Mwambie zawadi yake aiweke, utakwenda mwenyewe ukipata viza, na ukifika huko kula ukiwa umekaa, si kama mwizi jikoni.

Kwa mama, jibu ni hilo hilo, na mumeo hapa yuko sawa, ingawa najua hukunilipa nimsifu. Msafiri anayetoka Kenya haruhusiwi kuingiza Ulaya nyama, maziwa wala vitu vya maziwa, na barfi na penda karibu zote ni maziwa. Kilo nne za penda (jina lenyewe lina mapenzi, lakini ofisa wa Frankfurt hajui Kiswahili) zitaishia kwenye pipa mbele ya macho ya mama mzima. Usimfanyie hivyo. Na maembe mabichi asitie, yanataka cheti cha afya ya mimea. Mwambie kama anataka kubeba kitu, alete achari iliyofungwa vizuri, kwenye begi la chini, si la mkononi. Zaidi ya yote alete iliki, kwa sababu huko kwenu nyingi huuzwa kwenye vichupa vya kidole, kwa bei ya manukato.

Sasa jikoni.

Wewe umekaa miaka kumi na moja karibu na samli na hujaijua. Ingia duka lolote la vyakula, hata yale ya bei rahisi, simama mbele ya siagi, tafuta pakiti au mkebe ulioandikwa Butterschmalz. Hiyo ni siagi iliyochemshwa ikatolewa maji na machicha, ndiyo samli. Wajerumani hukaangia nyama. Harufu yake imepoa kidogo ukilinganisha na ya kwetu. Ukitaka ile ya Makadara, chukua siagi isiyo na chumvi gramu 250, iweke kwenye sufuria nzito, moto mdogo, usiondoke. Itapiga povu, itapiga kelele, kisha itanyamaza. Ikinyamaza na machicha ya chini yakawa rangi ya kahawia, ichuje. Utabaki na gramu 200 hivi.

Unga wa dengu uko kwenye maduka ya vyakula vya asili, umeandikwa Kichererbsenmehl. Utafanya kazi, lakini ule wa Kihindi husagwa kutoka dengu ndogo zilizomenywa, na harufu yake ni tofauti. Ukienda Hannover, nunua pakiti ya Kihindi, kilo mbili, itakutosha msimu.

Pima unga gramu 250, samli gramu 130, sukari laini ya unga gramu 180, iliki punje sita umezitwanga mwenyewe. Samli nusu kwanza, kisha unga wote, moto mdogo kabisa. Sasa koroga. Mwanzo utakuwa kama mchanga mkavu, utadhani umekosea kipimo, nawe usiongeze kitu. Baadaye utashikana, mwiko utakuwa mzito, mkono utauma. Ongeza samli iliyobaki kidogo kidogo. Karibu dakika ya ishirini, unga utalegea wenyewe, utameremeta, na nyumba itanukia njugu za kukaanga. Hapo nyunyiza kijiko kimoja cha maji. Utafoka kwa ghadhabu, usiogope. Ndiyo siri ya zile chengachenga unazozikumbuka kwenye meno. Koroga dakika mbili tatu zaidi mpaka maji yote yamekauka, epua.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Sukari isitiwe unga ukiwa bado wa moto. Itayeyuka, na badala ya ladu utapata uji mtamu ambao hautashikana mpaka Idi. Ngoja mpaka unaweza kutia kidole na kukiacha ndani bila kuguna. Ndipo sukari na iliki, kanda kwa mkono, finyanga. Zikimong'onyoka, kijiko kimoja cha samli. Zikilegea, ziweke kwenye roshani dakika kumi. Mnalalamikia baridi ya Novemba, basi itumieni.

Kukoroga kule dakika ishirini na tano ni kazi ya mtu wa mitambo. Mpe mumeo mwiko. Mwambie hii si sukari, hii ni injini, akiacha kuzungusha itaungua. Akisikia harufu ile itakapobadilika mkononi mwake, ile kauli ya sukari ni sukari sidhani utaisikia tena, na ukiisikia, mnyime.

Penda ni rahisi zaidi. Unga wa maziwa yenye mafuta yake yote, vikombe viwili, samli robo kikombe, na maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kopo moja, moto mdogo mpaka donge liache kingo za sufuria. Angalia usidanganyike dukani: maziwa mazito ambayo Wajerumani hutia kwenye kahawa hayana sukari, na kopo linafanana. Soma lebo. Barfi utajifunza baadaye kwa msingi huo huo.

Jalebi usijaribu. Najua utajaribu. Unga wake unalazwa na mtindi, mafuta yanataka joto lake hasa, shira inataka uzi wake, na mkono unaozungusha ule mduara ni mkono wa miaka. Jalebi inanunuliwa kwa aliye karaini, ikiwa ya moto, basi. Na kwako wewe aliye karaini yuko Hamburg. Kwa jimbo lenu kuna tiketi ya siku moja ya treni za mikoani inayobeba mpaka watu watano na inafika Hamburg, na siku za kazi huanza saa tatu asubuhi. Nendeni nyote wanne mfanye ndiyo matembezi. Ukitoka stesheni kuu, hatua chache tu, kuna barabara inaitwa Steindamm. Utakuta Waturuki, Wairani, Waarabu, Waafghani. Usitafute Wahindi. Tafuta Waafghani, maana Hamburg ina wengi kuliko miji mingi ya Ulaya, na jalebi ni yao pia. Wairani nao wana zulbia, binamu yake, ambayo hujaa mwezi wa Ramadhani. Si ya Mtaa wa Biashara, nakubali. Lakini huyu ni mtoto wa ndugu, si wa jirani.

Wahindi wenyewe usiwasahau hata hivyo. Hapo kwenu hawako kwenye maduka, wako kwenye vyuo. Muhula wa baridi wa 2023/24 wanafunzi kutoka India walikuwa kama 49,000 Ujerumani nzima, wakawa wa kwanza miongoni mwa wageni, mbele ya Wachina. Hannover iko jirani. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, na vijana wale hufanya sherehe zao vyuoni, chakula kikiwemo. Nenda na watoto. Ila uliza mpishi anatoka wapi. Wa Punjab atakupa barfi nzuri lakini utaona kuna kitu kimekosekana. Wa Ahmedabad au Rajkot, miji ya Gujarat, huyo mshike mkono usimwachie. Mtu mmoja aliniuliza kuhusu Den Haag, huko Uholanzi, ambako kuna Wahindi wengi waliopitia Suriname. Mithai ipo, na ni nzuri, lakini mababu zao walitoka Bihar na Uttar Pradesh, si Gujarat, na ulimi wako utajua.

Nimebakiza jambo la jirani yako wa chini, ambalo umelisema kwa mstari mmoja na nusu.

Wewe ni mtoto wa mama ambaye hakurudisha sinia tupu hata mwaka mmoja. Mama yule alijua mpaka kwamba jirani hali yai. Na sahani ya Mwafghani iko kabatini kwako "mpaka leo". Leo ni ya lini, mwanangu? Unazunguka mtandao mzima, unaagiza kutoka kwa watu usiowajua, na ngazi moja chini ya miguu yako kuna mwanamke ambaye kwao hupika maziwa na sukari na iliki mpaka yakaganda, wakakata vipande, wakaviita shir pira. Ukiona kipande utadhani barfi imekuja imevaa nguo nyingine. Na Kabul wakati wa baridi watu hula jalebi pamoja na samaki wa kukaanga, kwenye sahani moja. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilikataa. Nilipoonja nilinyamaza.

Kijerumani chenu cha kuungaunga kinatosha. Fanya ladu Jumamosi hii, weka sita kwenye sahani yake, shuka nazo zikiwa zimepoa vizuri. Kisha mtajie neno moja tu, jalebi. Wao husema jelabi, atakuelewa kabla hujamaliza.

Halafu niandikie uniambie kama alikuwa na samaki.